Mwaka Niliotumia Mikono ya Mama Rashid

Tulimzika Mzee Njeru wiki tatu zilizopita, nyumbani kwake Embu, upande wa Runyenjes, katika shamba la kahawa lenye mteremko mkali kiasi kwamba waombolezaji wa nyuma walisimama wakiegemea miti. Baada ya maziko tulipanga foleni ya chakula, wali na maharagwe meusi ya njahi, na mjane wake akapita akitusalimia mmoja mmoja. Alipofika kwangu nilimtajia jina langu. Akanishika mkono na hakuuachia. "Kumbe wewe ndiye Kendi wa Ruiri," akasema. "Mzee alikuwa akikutaja sana. Alikuwa akisema, yule msichana ana masikio mazuri, shida ni kwamba kuna siku alisikia akanyamaza." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayefikisha ujumbe ambao hata yeye hajui maana yake, kisha akasogea kwa aliyefuata. Mimi nilibaki nimeshika sahani, na chakula kikanishinda. Nilikuwa nimeishi miaka kadhaa nikijiambia kwamba yule mzee alisahau.

Mwaka ninaousema ni ule wa korona, nikiwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimeajiriwa katika hospitali moja ya kibinafsi mjini Meru, iliyokuwa na kliniki ndogo Maua na nyingine Embu. Kitengo chetu cha kompyuta kilikuwa na watu wawili tu, mimi na Mzee Njeru, mkuu wangu. Ofisi yetu ilikuwa chini ya ngazi, ikipakana na chumba cha kufulia, na siku nzima ilinukia sabuni na shuka zenye unyevu. Mlango wa pili ulikuwa wa chumba cha mitambo, kile chenye seva zilizohifadhi rekodi zote za wagonjwa, na chini ya seva kulikuwa na sanduku jeusi la betri za akiba za kuzishikilia umeme ukipotea. Mzee Njeru alikuwa na tabia iliyonichekesha. Kila asubuhi, kabla ya kuvua koti, aliingia humo, akaweka kiganja juu ya kila mtambo, akainamisha kichwa na kutulia, kama daktari anayempima mtoto homa. Ndipo tukanywa chai. Chai yenyewe tuliinywa watu watatu, kwa sababu Mama Rashid, aliyesafisha upande ule, alikuja na mahamri yake kutoka mtaani kwake Majengo na kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alitusimulia habari za hospitali nzima: nani amelazwa, nani amegombana na nani jikoni, daktari yupi anatafuta kazi kwingine. Mzee alimwambia, "Mama Rashid, wewe ndiye mtandao wa kweli wa hapa," naye akacheka mpaka akashika ubavu.

Ugonjwa ulipoingia nchini, msimamizi wa hospitali, Bwana Kirimi, alituita kwenye ukumbi wa kulia. Viti vilikuwa vimetenganishwa, kila mtu peke yake na barakoa yake, na githeri ya mchana ilikuwa ikipoa kwenye sufuria pale mbele bila mtu wa kuipakua. Alitaka kupunguza watu ndani ya jengo. Akauliza, "Nyinyi wa kompyuta, mnaweza kufanyia kazi nyumbani?" Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilisimama nikaeleza kwamba simu nyingi tunazopokea ni za mtu aliyesahau pasiwadi, printa iliyokwama, au kompyuta inayotaka kuzimwa na kuwashwa, na kwamba hata sasa tunazitatua nyingi bila kuinuka vitini. Nikaonyesha programu ambayo ingeniwezesha kuingia katika kompyuta yoyote ya hospitali nikiwa popote, na nyingine ambayo ingeonyesha taa ya kijani kwa kila mtambo ulio mzima. Watu walivutiwa. Bwana Kirimi akamgeukia Mzee Njeru, ambaye alikuwa na kisukari na ambaye, kila mtu alijua, ugonjwa ule ungemmaliza haraka kuliko sisi.

"Mzee, unasemaje?"

"Inawezekana," Mzee Njeru akasema polepole. "Kazi nyingi, ndiyo, inawezekana. Swali langu ni moja. Ile kidogo inayobaki, ile inataka mkono, itakuwa mkono wa nani?"

"Tutapanga," Bwana Kirimi akasema. Hatukupanga. Nilitoka pale nimejaa ushindi, na nakumbuka nilikasirika kidogo kwamba mzee aliuliza swali lile mbele ya watu.

Yeye akarudi Embu, mimi nikakodi chumba Ruiri, nyuma ya duka la dawa za mifugo. Nilichagua Ruiri kwa sababu kodi ilikuwa nafuu na intaneti ilishika vizuri, lakini sijawahi kuishi mahali penye upepo kama ule. Ulianza saa nne asubuhi, ukasukuma vumbi jekundu chini ya mlango, na mabati yakawa yanagonga kama mtu anayetaka kuingia lakini hataki kuita. Chumba kilinuka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nilikuwa na meza, kompyuta, jiko la gesi na kitanda, na dirishani niliona mbuzi na uwanda mkavu usioisha. Nilipika mukimo Jumatatu nikaula mpaka Jumatano. Na lazima niseme ukweli, kwa sababu watu wakisimulia mambo kama haya hupenda kusema kwamba yalianza vibaya: kazi ilienda vizuri mno. Karani wa Maua alinipigia, nikaingia kwenye kompyuta yake, nikarekebisha kabla hajamaliza kueleza. Zamani angesubiri mpaka mmoja wetu apande gari. Madaktari wakanisifu. Bwana Kirimi akaniandikia kwamba hajawahi kuona kitengo kikifanya kazi haraka vile.

Jambo ambalo sikulitarajia ni yale niliyokuwa nikiyasikia. Watu walinipigia, wakaweka simu mezani nikiendelea na kazi, wakasahau kwamba nipo. Niliisikia hospitali yote kwa mbali, kutoka chumbani mwangu Ruiri. Nilisikia muuguzi akimwambia mwenzake kwamba glovu zimeisha na wasimwambie mtu. Nilisikia mwanamume akiuliza mara sita kama anaweza kumwona mke wake kupitia kioo, na mara sita akijibiwa hapana. Nilisikia kikohozi cha karani wa rekodi kikibadilika wiki baada ya wiki, kikizama kifuani, nami nikamaliza kumtengenezea printa, nikaandika "imetatuliwa," nikakata. Hakuna aliyeniagiza niulize. Baadaye nikasikia amelazwa, na simu yake ikaanza kupokewa na mtu mwingine. Alipona, lakini sikujua kwa miezi mingi, na sikuwa nimempigia kujua.

Mzee Njeru alinipigia kila siku saa mbili asubuhi. Hakuniuliza nimeona nini kwenye skrini. Aliuliza, "Leo umesikia nini?" Alikuwa amebuni njia yake. Mtu akilalamika juu ya kompyuta, alimwambia aweke simu karibu na mtambo, naye kule Embu akafumba macho akasikiliza feni. Mara moja alimwambia daktari wa kliniki, "Feni yako inakwaruza, ina wiki moja, nitakutumia nyingine," na wiki haikuisha kabla ya feni kufa. Alinifundisha hayo kwa subira. Nilijifunza haraka, akafurahi. Ndiyo maana mkewe aliniambia habari ya masikio.

Mwezi wa nane, Mama Rashid alinipigia. Haikuwa kawaida yake kunipigia saa za kazi. "Mwanangu, hiki chumba chenu kina harufu," akasema. "Harufu ya mayai yaliyooza." Nilitazama skrini. Taa zote za kijani. Nikamwambia pengine panya amekufa nyuma ya kabati, au ni bomba la chumba cha kufulia. Akasema ameshatafuta panya. Nikamwambia afunge mlango vizuri harufu isifike kwa wagonjwa, na akumbuke kwamba dirisha lile tuliliziba kwa sababu ya vumbi, lisifunguliwe. Akasema sawa. Baada ya siku nne akapiga tena. "Kendi, imezidi. Na pale chini pana joto." Nikatazama tena skrini. Kijani. Nikamshukuru, nikamwambia nitashughulikia, nikaendelea na kazi yangu. Programu ile ilichokuwa ikifanya ni kuuliza kila seva kama iko hai, na seva zilijibu kwamba ziko hai. Hewa ya chumba haikuulizwa na yeyote.

Kesho yake Mzee Njeru alipopiga, sauti yake ilikuwa tofauti. "Kendi, nimekaa na takwimu za zile betri. Joto linapanda kidogo kidogo kila wiki. Zimezeeka, nimeomba mpya tangu mwaka jana. Niambie, kuna mtu amelalamika juu ya harufu?"

Nilikuwa nimekaa kitandani na kikombe cha uji. Upepo ulikuwa haujaanza. Nilikumbuka yale ya Mama Rashid mara moja, sikuhitaji hata kufikiri. "Harufu gani?" nikauliza.

"Yoyote. Kama mayai yaliyooza. Kukiwa na harufu, mimi nakuja Meru kesho asubuhi."

"Hapana," nikasema. "Hakuna mtu amesema kitu."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Kuna sababu ninayoipenda, nayo ni kwamba nilimhurumia. Alikuwa mgonjwa, na kumleta ndani ya jengo lenye korona kwa sababu ya harufu lilikuwa jambo la hatari. Sababu hiyo ni ya kweli. Lakini kuna ile nyingine, nayo pia ni ya kweli. Mzee akitoka Embu kuja kugusa betri kwa mkono, Bwana Kirimi angeuliza kwa nini, na yale niliyoyasema ukumbini yangeonekana kuwa maneno ya mtoto. Nilitaka mpango wangu uendelee kuwa mpango mzuri. Nilijiambia nitafute fundi wa umeme taratibu, nimalize jambo kimya kimya. Fundi wa hospitali alikuwa Maua wiki ile. Nikaandika jina lake kwenye karatasi, nikaibandika ukutani.

Siku mbili baadaye, saa tano asubuhi, watu wa maabara walinipigia wakisema kuna mlio ndani ya chumba cha mitambo, mlio usiokoma, na unawasumbua. Upepo ulikuwa tayari unapiga mabati. Nilitazama skrini, zote kijani. Nilijua ni sanduku la betri linalolia. Nikaamua kwamba likizimwa na kuwashwa tena litatulia, kama mitambo mingi inavyotulia. Nikampigia Mama Rashid, kwa sababu ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kusafishia.

"Uko karibu na kile chumba?"

"Niko ngazini, napiga deki."

"Nisaidie kitu kidogo, mama. Dakika moja tu."

"Kendi, leo hicho chumba sikitaki. Nimefungua mlango asubuhi macho yakaniwasha."

"Ni dakika moja. Nitakuelekeza mimi, usiogope."

Nikasikia ndara zake zikiburuta sakafuni. Nikasikia ufunguo. Ule mlio ukawa mkubwa ghafla, ukajaa sikio langu. Akakohoa.

"Unaona sanduku jeusi pale chini?"

"Naliona. Kendi, limefura. Ubavuni limefura kama shavu la mtu mwenye jino bovu."

Nilisikia neno hilo. Ningekuwa nimesimama pale ningekimbia, ningemvuta mkono tukimbie sote, kwa maana hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua betri iliyofura iko karibu kupasuka. Lakini nilikuwa Ruiri, kilomita nyingi kutoka pale, miguu nimeikunja kitini, na mbele yangu taa zilikuwa za kijani.

"Kuna vitufe viwili," nikasema. "Kidogo na kikubwa. Umeviona?"

"Nimeviona."

"Bonyeza kikubwa, ukishikilie mpaka linyamaze."

"Kikubwa?"

"Kikubwa."

"Bismillahi," akasema.

Sauti iliyofuata ilikuwa fupi, nzito, kama gunia la mahindi likianguka kutoka kwenye lori. Kisha hapakuwa na kitu, hata ule mlio. Niliita, "Mama Rashid. Mama Rashid." Kwenye skrini taa ziliendelea kuwa kijani kwa sekunde chache zaidi, halafu zikaanza kugeuka kijivu, moja, kisha nyingine, mpaka zikaisha. Simu yake haikukatika. Ilikuwa imeanguka mahali, na ndani yake nikamsikia akianza kulia, kilio cha chini cha mtu asiyejua bado amepatwa na nini, kisha miguu ya watu, kisha mtu akipaza sauti, "Maji! Leta maji, ni asidi, mwoshe macho!" Niliendelea kusikiliza. Hakukuwa na kitu kingine ambacho ningeweza kufanya, na huo ndio ukweli wa chumba kile cha Ruiri.

Hospitali ilikaa siku mbili bila rekodi, wauguzi wakaandika kwenye madaftari ya shule. Mama Rashid alipoteza jicho la kushoto, na mikono yake ikaungua mpaka kwenye viwiko. Mzee Njeru alifika jioni ile ile, akafungua lile dirisha kwa nyundo, akafanya kazi akiwa amefunga kitambaa usoni. Nami nilifika kesho yake. Alinikuta chini ya ngazi, mlangoni mwa ofisi yetu ya zamani.

"Nilikuuliza juu ya harufu," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Mama Rashid ameniambia alikupigia mara mbili."

Aliniangalia, macho mekundu kwa moshi au kwa uchovu. "Basi," akasema, akaingia ndani.

Wiki iliyofuata tuliitwa ukumbini kueleza. Bwana Kirimi alikuwa na karatasi mbele yake. Aliniuliza nilimwambia Mama Rashid abonyeze kitufe kipi. Nakumbuka harufu ya kabichi kutoka jikoni na mtu akipanga vijiko. "Kidogo," nikasema. "Kile cha kunyamazisha mlio. Labda alichanganyikiwa akabonyeza kikubwa." Mama Rashid hakuwepo, alikuwa wodini, amefungwa bandeji usoni. Simu ile haikuwa imerekodiwa. Bwana Kirimi akaandika kwamba mfanyakazi wa usafi aligusa mtambo na kubonyeza kitufe kisicho sahihi, akazungusha karatasi tuweke sahihi. Mimi niliweka. Mzee Njeru aliirudisha. "Mimi siwezi kutia sahihi mazungumzo ambayo sikuyasikia," akasema. Kwa karatasi ile Mama Rashid hakurudishwa kazini. Mwaka ulipokwisha Mzee Njeru naye aliondoka, kwa hiari yake walisema, na mimi nikapewa nafasi yake.

Leo ninaongoza watu tisa wanaohudumia kompyuta za ofisi mbalimbali, na saba kati yao wanafanyia kazi nyumbani. Huulizwa katika mikutano kama jambo hili linafaa. Husema linafaa, na sisemi uongo. Nimeweka sharti moja tu, kwamba hakuna atakayemwambia mtu asiye fundi aguse chochote kinacholia, kinachonuka au kilichofura. Vijana wangu huliona kama sharti la ajabu. Hawajawahi kuniuliza nililitoa wapi.

Nilipotoka Embu sikwenda nyumbani. Nilifika Meru siku ya pili nikauliza Majengo, nikaelekezwa Gakoromone, pembeni mwa soko, ambako Mama Rashid anauza viungo, bizari, iliki, mdalasini, kwenye meza yenye mwavuli. Amezeeka. Alinitambua kwa sauti kabla hajanigeuzia upande wa jicho zima. Akanipa kigoda, akaniuliza habari za maziko, akamwombea Mzee Njeru. Akaniambia mzee alikuwa akija kumwona kila alipokuja Meru, akinunua viungo ambavyo bila shaka hakuvihitaji.

"Mama," nikasema, "nimekuja kwa sababu ya siku ile."

"Wacha tu, mwanangu." Alikuwa akifunga iliki kwenye karatasi, vidole vyake vikiwa na makovu yanayong'aa. "Hata mimi huwaza. Umri umekwenda lakini huwaza. Huwa najiuliza nilikosea vipi. Waliniambia nilibonyeza sicho. Nikiwa peke yangu navirudia vile vitufe, kidogo, kikubwa, kidogo, kikubwa, na masikio yangu yananiambia ulisema kikubwa. Halafu najiambia, hapana, Halima, ulikuwa na hofu, umesikia vibaya. Mtoto wa watu nusura nimharibie kazi."

Mwanamke mmoja alisimama akitaka bizari. Mama Rashid akampimia, akampa, akamtakia siku njema. Nikangoja aende.

"Ulisikia vizuri," nikasema. "Nilisema kikubwa. Uliniuliza tena, na nikasema kikubwa."

Mikono yake ikasimama juu ya karatasi. Hakulia wala hakunifukuza. Watu walipita na mikokoteni ya kabichi nyuma yetu, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, akilitazama soko, si mimi, "Sema tena."

Nikasema tena.